Kibuyu kilitangulia: mumunya la Nyasa lina asili mbili

Unataka kujua mumunya la bustanini kwako lina asili ya bara gani? Usianze na tunda, angalia ua. Kama ni jeupe na linafunguka jioni, hilo ni la ukoo wa kibuyu (Lagenaria siceraria), mwenyeji wa Afrika, na usiku nondo ndio wanaolichavusha. Kama ni la njano, linafunguka alfajiri na kunywea kabla ya saa sita mchana, basi babu zake walitoka upande wa Mexico. Hilo ni la ukoo wa maboga, Cucurbita, na mchavushaji wake huku kwetu ni nyuki.

Sasa twende mwambao wa Ziwa Nyasa, Chiwanda, kata iliyokuwa chini ya Mbinga hadi wilaya ya Nyasa ilipomegwa mwaka 2012. Huko kusini mimea yote miwili inatambaa kando ya nyumba, na yote inavunwa kwa kipimo kimoja: ukucha. Ukizama kwenye ganda kirahisi, chuma upike. Ukigoma, umechelewa, liache likomae, litoe mbegu. Na ukiacha matunda mengi yakomae shinani, mmea unapunguza kuzaa mengine, ndiyo maana akina mama huchuma kila baada ya siku chache.

Swali langu ni hili: nani alimfundisha mkulima wa Nyasa kuvuna mmea wa Mexico? Vitabu vingi vinamaliza kwa sentensi moja, eti Wareno walituletea maboga. Kwa maoni yangu hiyo ni nusu ya habari. Mbegu ilitoka nje, sawa. Ujuzi ulikuwepo, na mwalimu alikuwa kibuyu.

Hebu fikiria. Kibuyu kichanga ni mboga, kikikomaa na kukauka ni chombo cha maji, cha pombe, cha kuhifadhia mbegu. Mtu aliyekulia na mmea huo anajua tayari kwamba umri wa tunda ndio unaoamua kazi yake. Boga lilipofika halikuhitaji maelezo marefu.

Cha kuchekesha ni kwamba kibuyu chenyewe kilishawahi kwenda Amerika kabla ya merikebu yoyote. Mwaka 2005 watafiti walidhani vibuyu vya kale vya kule vilitoka Asia. Mwaka 2014 uchunguzi mpana zaidi wa vinasaba ukawageuza: vinafanana na vya Afrika, na maelezo waliyotoa ni kwamba vilielea vyenyewe vikavuka Atlantiki. Huko vikakutana na maboga, ambayo mbegu zake za miaka kama 10,000 zimepatikana kwenye pango la Guilá Naquitz, Oaxaca. Yaani watu wa Mexico nao walilima koo zote mbili, kama mama wa Chiwanda leo.

Kurudi huku kulifuata baada ya 1492. Wareno waliingia Kilwa mwaka 1505, na mwaka 1616 Gaspar Bocarro alitembea kwa miguu kutoka Tete hadi Kilwa, akavuka mito ya Shire na Ruvuma. Njia hizo hazikuwa zake. Zilikuwa za wafanyabiashara wa Kiafrika, na mbegu za boga ni mzigo mwepesi: zikikaushwa hazisumbui, na njiani unazikaanga ukala.

Ushahidi ninaoupenda zaidi uko kwenye majina. Mahindi nayo yalitoka Amerika, lakini Kiswahili kiliyapa jina la mgeni, kama kitu cha Hindi. Boga halikupata jina la namna hiyo. Kinyanja, kinachosemwa pande zote mbili za ziwa, kinaliita dzungu, wingi maungu, na wanaisimu wanalihusisha na mzizi wa kale wa Kibantu wenye maana ya kibuyu. Mgeni alivalishwa jina la mwenyeji.

Kuna jambo moja zaidi ambalo koo hizi mbili zinafanana, na hili si la kucheka. Ndugu zao wa porini ni wachungu kwa sababu ya kemikali ziitwazo kukurbitasini, ambazo ni sumu. Utamu tunaoujua ulichaguliwa na wakulima, kizazi baada ya kizazi, kwa ulimi tu. Uchavushaji unaweza kuuharibu tena: mumunya la Mexico likichanganyika na maboga ya mapambo ya spishi yake, mbegu za msimu ujao zinaweza kuzaa matunda machungu. Mwaka 2015 mzee wa miaka 79 huko Ujerumani alifariki baada ya kula mumunya chungu la bustanini. Moto hauiondoi sumu hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kupika, onja kipande kidogo kibichi. Kikiwa kichungu tema, tupa tunda lote, na mbegu za shina hilo usizihifadhi wala usimpe jirani.