Raundi ya 13

Mwaka 1969 mabondia wawili ambao hawakuwahi kupambana walikutana katika studio mjini Miami, wakavaa glovu na kurushiana ngumi mbele ya kamera. Rocky Marciano alikuwa amestaafu tangu 1956 akiwa ameshinda mapambano yake yote 49. Alijipunguza kama kilo 20 na kuvaa nywele za bandia ili aonekane kama enzi zake. Muhammad Ali alikuwa na miaka 27 na hakuruhusiwa kupigana popote Marekani, kwa sababu mwaka 1967 alikataa kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Waliigiza raundi fupi kama 70, zenye miisho ya kila namna, kisha mtayarishaji Murray Woroner akaiachia kompyuta ichague mwisho wa kuonyeshwa. Filamu ilipoingia kwenye kumbi za sinema Januari 20, 1970, Marciano alimwangusha Ali katika raundi ya 13. Mwenyewe hakuuona ushindi huo. Alikufa katika ajali ya ndege Agosti 31, 1969, muda mfupi baada ya kazi ile.

Woroner alikuwa ameshajaribu jambo hilo redioni mwaka 1967, na safari hiyo kompyuta ilimtoa Ali kwa kipigo cha James Jeffries, bingwa wa 1899 hadi 1905. Ali alikasirika hadi akafungua kesi. Alikuwa na haki ya kukasirika. Takwimu za kila bondia zilikusanywa na kuingizwa kwenye mashine, lakini pambano la Ali na mtu wa 1900 lingepiganwa kwa sheria za mwaka gani? Kwa raundi ngapi? Katika mji ambao ungemruhusu nani kupanda ulingoni? Hayo ndiyo yanayoamua bingwa wa zama moja angekuwa nani katika zama nyingine, na kwenye vijiwe vya wapenzi wa ndondi ndiyo yanayosahauliwa kwanza.

Chukua hiyo raundi ya 13 yenyewe. Septemba 23, 1952, mjini Philadelphia, Marciano alipanda ulingoni kumvaa bingwa Jersey Joe Walcott, aliyekuwa na miaka 38. Raundi ya kwanza tu, Walcott alimwangusha. Zilipokwisha raundi 12, Walcott alikuwa mbele kwenye kadi zote tatu. Katika ya 13 Marciano alipenyeza ngumi moja fupi ya kulia, na Walcott akaporomoka huku mkono wake mmoja ukining'inia kwenye kamba.

Miaka 11 kabla ya hapo, Juni 18, 1941, Joe Louis alikuwa katika shida ileile mjini New York. Billy Conn, mtu asiyefika kilo 80, alimzungusha na kumchapa hadi mwisho wa raundi ya 12 akawa anaongoza kwenye kadi mbili, ya tatu ikiwa sare. Conn angeweza kukimbiakimbia hadi mwisho na kuuchukua mkanda. Akataka kumaliza kwa nokauti. Louis alimlaza zikiwa zimebaki sekunde mbili raundi ya 13 iishe.

Leo hakuna raundi ya 13. Novemba 1982 Duk Koo Kim wa Korea Kusini alianguka katika raundi ya 14 alipokuwa akipigana na Ray Mancini mjini Las Vegas, akafa siku chache baadaye. Shirika la ndondi la WBC likapunguza mapambano ya ubingwa hadi raundi 12, na mashirika mengine yakafuata kabla muongo haujaisha. Ukiyahamishia mapambano yale mawili katika sheria za sasa, Walcott anabaki na mkanda, rekodi ya 49 bila kupoteza haipo, na utawala wa Louis, aliyetetea ubingwa mara 25, unakatika njiani. Kweli, bondia anayejua kuwa ana raundi 12 hapigani kama mwenye 15. Huenda Marciano angeanza kuharakisha mapema. Lakini ule uvumilivu wa kumchosha mtu taratibu hadi miguu imwishe ulikuwa silaha yake kuu, na zama zetu zimezikata raundi tatu za mwisho ambamo silaha hiyo ilikuwa ikifanya kazi.

Kwa Jack Dempsey hatuhitaji hata kukisia. Julai 4, 1919, mjini Toledo, alimwangusha Jess Willard mara saba katika raundi ya kwanza, ingawa Willard alimzidi kwa zaidi ya kilo 25. Siku hizo mpigaji aliruhusiwa kumsimamia aliyeanguka na kumtwanga tena mara tu magoti yake yanapoacha sakafu. Kufikia Septemba 22, 1927, pale Chicago, sheria ilimtaka mpigaji aende kwanza kwenye kona isiyo ya bondia yeyote. Dempsey alimwangusha Gene Tunney katika raundi ya saba, akabaki amesimama palepale kwa mazoea; mwamuzi hakuanza kuhesabu hadi aondoke. Tunney aliinuka kwenye hesabu ya tisa baada ya kupata sekunde za ziada, akashinda kwa pointi. Dempsey alikuwa bado anapigana ngumi za 1919.

Suala la maumbo nalo lina uzito wake, ila huwa linakuzwa. Marciano alipigana akiwa na kilo kama 84. Leo angewekwa katika uzito wa kruza, ambao haukuwapo wakati wake na ambao mwisho wake ni karibu kilo 91. Oleksandr Usyk alitoka katika uzito huohuo akiwa bingwa wa mikanda yote, akapanda, na mwaka 2024 mjini Riyadh akamshinda Tyson Fury mara mbili. Katika pambano la pili Fury alimzidi kwa kilo 25 hivi. Hata hivyo Usyk ana urefu wa sentimita 190, na Marciano alikuwa na 178 na mikono mifupi kuliko karibu kila bingwa wa uzito wa juu. Huyo angepaswa kupita katikati ya ngumi nyingi sana kabla ya kufika kifuani kwa mtu mrefu kama Wladimir Klitschko. Kwa maoni ya mwandishi huyu, asingefika mara nyingi vya kutosha.

Aliyevuka zama kwa miguu yake mwenyewe ni George Foreman. Oktoba 30, 1974, Kinshasa, Ali alimlaza katika raundi ya nane. Miaka 20 baadaye, Novemba 5, 1994, akiwa na miaka 45 na amevaa bukta nyekundu aliyovaa Kinshasa, Foreman alimwangusha Michael Moorer katika raundi ya 10 huku akiwa nyuma kwa pointi. Angelo Dundee, aliyekuwa kwenye kona ya Ali usiku wa Kinshasa, safari hii alikuwa kwenye kona yake. Moorer alikuwa na miaka 26.

Lakini kuna mabondia ambao swali hili la zama linawafikia kwa namna nyingine kabisa. Watu hupenda kumpeleka Louis katika miaka ya 1920 na kuuliza kama angemshinda Dempsey. Asingepewa nafasi hiyo. Tangu Jack Johnson apoteze mkanda mjini Havana mwaka 1915 hadi Louis alipomshinda James Braddock mwaka 1937, hakuna mtu mweusi mwingine aliyeruhusiwa kugombea ubingwa wa uzito wa juu. Na Teófilo Stevenson, aliyetwaa dhahabu za Olimpiki za 1972, 1976 na 1980, alikuwa mtu wa zama za Ali hasa, ila Cuba ilikuwa imepiga marufuku ngumi za kulipwa na yeye alikataa mamilioni ya dola ya kumtoa huko.

Kati ya waliozuiwa kwa rangi yao, Harry Wills ndiye aliyelipia zaidi. Kwa miaka kadhaa alikuwa mpinzani wa kwanza anayestahili kupigana na Dempsey, na mkataba wa pambano hata ulitiwa saini. Pambano halikufanyika. Septemba 1926 Dempsey alipigana na Tunney mjini Philadelphia mbele ya watu wapatao 120,000, akapoteza mkanda. Mwezi uliofuata Wills, akiwa na miaka 37, alikutana na Jack Sharkey kule Brooklyn, akapoteza kwa kufanya faulo, na jina lake likaondoka katika orodha ya wanaougombea ubingwa.