Koncheto ya Gitaa Nje ya Okestra

Koncheto ni utungo wa muziki ambao ndani yake ala moja husemezana na kundi kubwa la ala, yaani okestra. Mmoja hudai na wengi hujibu. Wengi hunyamaza na mmoja husema peke yake. Katika ala zote zilizopewa nafasi hiyo ya heshima, gitaa ni miongoni mwa zile zilizo dhaifu kwa sauti. Mpiga fidla huweza kuikuza sauti kwa uta wake baada ya kuianza, na mpiga tarumbeta huweza kuijaza kwa pumzi; lakini uzi wa gitaa ukisha kuguswa, sauti yake huanza kufifia papo hapo, na hapana hila ya kuirudisha isipokuwa kuugusa tena.

Kwa sababu hiyo, na kwa sababu okestra ni ghali na wapiga gitaa ni wengi, watu wamekuwa wakizihamisha koncheto kutoka katika kundi kubwa na kuzipanga upya kwa kikundi cha watu wachache, au hata kwa gitaa moja tupu. Wako walimu wanaoitazama kazi hii kama kukata tawi zuri ili kupata fimbo. Hukumu hiyo ni kali kuliko historia inavyoruhusu. Walakini, wanaoitetea nao hudhani kwamba kila kinachoweza kupigwa na vidole vya mtu mmoja kimehama salama. Noti huhama kwa urahisi. Kinachopotea njiani, aghalabu bila ya mtu kuona, ni nafasi ya msemaji katika mazungumzo: ni nani aliyeanza, ni nani aliyejibu, na ni nani aliyenyamaza.

Vivaldi, Mtaliani wa Venice, aliandika kiasi cha mwaka 1730, katika safari yake ya Bohemia, koncheto kwa ajili ya liuti, fidla mbili na besi. Liuti ni jamaa ya udi tunaousikia katika taarabu, na jina lake Wazungu walilitwaa kwa Waarabu. Katika zama zetu wapiga gitaa wameurithi utungo huo, na watu wanne au watano hutosha kuupiga wote. Hapana awezaye kusema kuwa umepunguzwa, kwa kuwa haukupata kuwa mkubwa. Miaka kama kumi na sita kabla yake, katika mji wa Weimar, kijana Johann Sebastian Bach alikwisha kuzitwaa koncheto za Vivaldi na za wengineo akazihamisha kwa kinanda kimoja. Kazi hiyo aliifanya karibu na mwaka 1713 na 1714, na ni darasa kwa kila mpangaji. Bach hakunakili tu. Pale fidla ilipovuta sauti ndefu, alijua kwamba kinanda chake cha nyuzi hakina uwezo wa kuivuta, basi aliipamba kwa noti ndogondogo ili sikio lisione pengo. Na pale sauti za kati zilipokuwa tupu alizijaza. Udhaifu wa kinanda hicho ndio udhaifu wa gitaa.

Tukifika Vienna twamkuta Mauro Giuliani. Alizaliwa Bisceglie, kusini mwa Italia, katika mwaka wa 1781, akahamia Vienna mwaka 1806, na tarehe 3 Aprili, 1808, akatokea mbele ya watu pamoja na okestra kupiga koncheto yake ya kwanza, ile iliyopewa namba 30 katika kazi zake. Mji huo ulikuwa mji wa Beethoven. Kusimama hapo na ala ambayo wengi waliifahamu kama ya kufuatisha nyimbo sebuleni kulihitaji moyo. Giuliani alijua udhaifu wa silaha yake: okestra yake husema kwa nguvu gitaa likiwa kimya, na gitaa linapoanza, okestra huinamisha kichwa. Koncheto yake ya pili, namba 36, aliiandikia ala za nyuzi peke yake; na ya tatu, namba 70, aliiandikia gitaa dogo lililokazwa juu kuliko la kawaida, ili sauti yake ipenye.

Ule utungo wa namba 30 hupigwa hata leo na gitaa pamoja na fidla mbili, viola moja na selo moja, na haupungukiwi sana. Sababu yake imo katika maandishi yenyewe. Fikra kuu za utungo huo zimebebwa na nyuzi. Zumari na baragumu huzitia rangi na kuzikazia mwisho wa sentensi. Ukiondoa rangi, umbo hubaki. Tena Vienna ya siku hizo ilikuwa na nyumba nyingi ambamo watu waliketi jioni wanne wanne kupiga fidla na selo kwa furaha yao wenyewe, na mtunzi aliyetaka kazi yake inunuliwe hakuwasahau. Paris nako Ferdinando Carulli, mzaliwa wa Napoli aliyehamia huko, aliipa kazi yake namba 140 jina la koncheto ndogo ya jamii, yaani ya mkusanyiko wa marafiki. Jina lenyewe latosha kutuonyesha kwamba kwa watu wa kizazi hicho koncheto ya gitaa ilikuwa na milango miwili, mmoja wa ukumbi na mmoja wa sebule.

Mambo yalibadilika katika karne ya ishirini, na utungo uliofanya mabadiliko hayo yasikike duniani ni Concierto de Aranjuez wa Joaquín Rodrigo. Hapa sina budi kukaa kitako, maana ndio utungo ambao wapangaji wameushambulia kuliko mwingine wowote wa aina yake.

Rodrigo alizaliwa Sagunto, nchini Hispania, mwaka 1901. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu ugonjwa wa dondakoo ulimpofusha. Alitunga kwa maandishi ya nukta ya Braille, kisha akamsomea mwandishi noti moja moja ili aziandike kwa wino. Hakuwa mpiga gitaa. Ala yake ilikuwa piano. Koncheto hii aliitunga Paris katika mwaka wa 1939, mwaka ambao vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha kwao na vita vya dunia vikaanza, na ilipigwa mara ya kwanza Barcelona tarehe 9 Novemba, 1940, gitaa likiwa mikononi mwa Regino Sainz de la Maza, ambaye ndiye aliyetunukiwa kazi hiyo. Katika kipindi hichohicho cha kutunga, mtunzi na mkewe, Victoria Kamhi, walipotewa na mimba yao ya kwanza. Miaka mingi walikaa kimya juu ya habari hiyo, mpaka mke alipoeleza katika kitabu cha maisha yake kwamba sehemu ya pili, ile ya polepole, ilitokana na msiba huo na kumbukumbu za siku zao za fungate.

Sehemu hiyo ya pili ndiyo watu huihamisha zaidi. Tuitazame jinsi ilivyojengwa. Gitaa huanza, lakini halianzi kwa wimbo. Hupiga nyuzi zake pamoja, taratibu, kama mtu anayemwekea mwenziwe mkeka. Juu ya mapigo hayo zumari nene ya jamii ya obo huimba wimbo wenyewe. Baada ya kifungu kimoja gitaa hulipokea neno, hulirudia kwa mapambo mengi, na sasa ni nyuzi za okestra zinazomtandikia yeye. Aliyekuwa mtumishi amekuwa mwimbaji. Kisha zumari husema tena, na gitaa hujibu tena. Msikilizaji asiyejua jina la ala hata moja hutambua kwamba watu wawili wanaambiana jambo zito.

Mtu akiupanga wimbo huu kwa gitaa moja, vidole vyake vyaweza kuvipata vyote viwili, wimbo juu na mapigo chini. Sauti ni zilezile na huzuni ni ileile. Lakini kifungu cha kwanza na cha pili sasa vimetoka katika kinywa kimoja, na kile cha pili, ambacho kilikuwa jibu, kimekuwa marudio yenye mapambo. Mpangaji mzuri huliona tatizo na kulitafutia dawa: kifungu cha zumari hukiweka katika nyuzi za chini, karibu na shingo ya gitaa ambako sauti ni nene, na kile cha gitaa hukipandisha mahali pake. Dawa hiyo husaidia, ingawa haiponyi.

Neno la pili ni zito zaidi. Karibu na mwisho wa sehemu hiyo gitaa hubaki peke yake kwa muda mrefu, likipanda kwa hasira mpaka mapigo yake yanakuwa ya nguvu zote. Hapo ndipo okestra nzima hulipuka na kuuchukua wimbo, na gitaa hunyamaza. Mwenye msiba amelia mpaka sauti imemkauka, na jamaa wanaangua kilio kwa niaba yake. Sasa mpiga gitaa aliye peke yake afanye nini? Akikiacha kifungu hicho, utungo umekatwa kichwa. Akikipiga, analazimika kusema kwa nguvu zaidi mahali palepale ambapo mtunzi alimwamuru anyamaze, naye nguvu zake amekwisha kuzitumia. Nimezisikia nakala nyingi za aina hii, baadhi yake zimepangwa kwa ustadi mkubwa, na mpaka sasa sijaisikia iliyolimaliza tatizo hili.

Vikundi vidogo vimefaulu zaidi, na mara nyingine vilivyofaulu ni vile vilivyothubutu kwenda mbali. Katika mwaka wa 1964 Laurindo Almeida, mpiga gitaa wa Brazili, aliipiga sehemu ya pili pamoja na watu wanne wa Modern Jazz Quartet, wenye piano, vibrafoni, besi na ngoma. Mwaka 1975 Mmarekani Jim Hall aliirekodi kwa gitaa la umeme, na wimbo akagawana na Chet Baker wa tarumbeta na Paul Desmond wa saksafoni, kwa mpango wa Don Sebesky. Watu hao walibadilisha mengi, na mwenye sikio la darasani huenda asipendezwe. Hata hivyo walihifadhi lile jambo la msingi: mmoja aimbe, mwingine apokee, wa tatu angojee zamu yake. Kwa maana hiyo wamekuwa waaminifu kuliko wengi walioshika kila noti.

Naye mtunzi hakuufunga mlango. Mwaka 1974 aliitengeneza koncheto hiyo kwa kinubi na okestra, kwa ombi la Nicanor Zabaleta, na baadaye akauruhusu wimbo wa sehemu ya pili uimbwe kwa maneno ya mkewe. Rodrigo alifariki mwaka 1999. Na kwa kuwa sheria za Ulaya huilinda kazi kwa miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi, anayetaka kuchapisha mpango wake leo sharti aombe ruhusa, jambo ambalo kwa Giuliani halihitajiki.

Iko kazi moja ya Rodrigo ambayo kwake mpangaji wa gitaa moja ana haki kamili, nayo ni Fantasía para un gentilhombre. Aliitunga mwaka 1954 kwa ajili ya Andrés Segovia, ambaye aliipiga mara ya kwanza San Francisco tarehe 5 Machi, 1958. Ngoma zilizomo si zake kwa asili. Alizitwaa katika kitabu cha mafunzo ya gitaa ambacho Gaspar Sanz alikitoa Zaragoza mwaka 1674, kwa gitaa la wakati huo lenye jozi tano za nyuzi na mwili mwembamba kuliko wa leo. Hapa safari ilikwenda kinyume: gitaa moja ndilo lililokuzwa kuwa okestra. Mpangaji anayeirudisha kazi hii kwenye nyuzi sita na akiweke kitabu cha Sanz mezani kando ya kile cha Rodrigo. Ataona mistari ambayo mtunzi aliinyoosha ili okestra ipate pa kusimama, na pia vifungu, kama vile katika Canario, ambavyo viliandikwa miaka mia mbili na themanini kabla ya koncheto na havikuwa na haja ya msaidizi.