Mlango Nyuma ya Jino

Mzee wa hapa Moi's Bridge akicheka, unaweza kuona pengo katikati ya meno ya chini. Wanandi waling'oa mawili ya mbele, A. C. Hollis aliliandika hilo katika kitabu chake cha 1909. Wabukusu walikuwa na desturi ya namna hiyo, na Waluo, kule ziwani, waling'oa sita. Sababu inayotajwa sana ni pepopunda: taya likikaza, mgonjwa anyweshwe uji kupitia pengoni. Mimi ni mtu wa meno, na sababu hiyo siidharau. Kabla ya chanjo, ungemlisha vipi?

Ila meno ya juu hayakuguswa. Pengo la juu lilimaanisha ugonjwa, ajali au ngumi.

Mji huu ulipoitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mwindaji na mlowezi Arthur Cecil Hoey, na reli ikafika Kitale 1926, dawa ya jino la mbele lililooza kwa mtu wa shamba ilikuwa koleo. Huko ng'ambo nako mambo hayakuwa mazuri. Mwaka 1910 daktari Mwingereza William Hunter alihutubia Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, akashutumu dhahabu iliyofunika meno yenye usaha, kwamba inaleta maradhi ya mwili mzima. Kwa miaka mingi baadaye meno yaliyoweza kuokolewa yaling'olewa Uingereza na Marekani. Na vifaa walikuwa navyo! Edward Maynard alikuwa ametengeneza kijisindano cha kusafishia mzizi kutokana na springi ya saa, 1838, naye G. A. Bowman alijaza mzizi kwa gataperka, utomvu wa mti, 1867. Eksirei iligunduliwa 1895.

Mwaka jana kogo mmoja, yaani bibi, aliniletea mjukuu wake, kijana aliyeanguka na bodaboda. Jino la juu la mbele lilikuwa limegeuka jeusi.

"Daktari, si uling'oe tu? Mimi nimekula na pengo langu tangu utotoni."

"Kogo, lako ni la mila. Hili la juu tulilinde."

Jino kama hilo huokolewa kwa kutoboa tundu na kusafisha mzizi. Tundu huanzia nyuma, upande wa kaakaa, baina ya kinundu kilicho karibu na ufizi na makali ya jino, ili kwa mbele lisionekane. Drili huanza kwa kuukabili mgongo wa jino. Gamba gumu likishatobolewa, huelekezwa upya ifuate urefu wa jino, ambao ni kama milimita 23 mpaka ncha ya mzizi. Asiyegeuza mkono kwa wakati hutokezea mbele, chini ya mdomo. Umbo la tundu ni pembetatu, upande mpana ukielekea makali, kwa sababu chumba cha ndani kina pembe mbili huko. Pembe zikiachwa na nyama iliyokufa, jino huzidi kuwa jeusi hata kama mzizi umejazwa vizuri. Chonge hutobolewa umbo la yai. Kijana ana chumba kipana na tundu lake huwa kubwa. Cha mzee kimeshasinyaa, na hapo ndipo mkono wenye haraka hupotea njia.

Meno ya chini ya mbele, yaleyale ya mila, ni magumu kuliko yanavyoonekana. Mwaka 1974 Benjamin na Dowson walichapisha kwamba karibu asilimia 41 yana mifereji miwili, ingawa mingi huungana kabla ya ncha. Mfereji wa pili hujificha upande wa ulimi, kwa hiyo tundu lazima lisogezwe huko. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha udaktari wa meno. Waliotangulia kwenda Nairobi kusomea kazi hii walikuta kumbe jino dogo kabisa mdomoni lina hila.

Kogo aliuliza kama weusi wa mjukuu utatoka. Nikamweleza kuwa dawa ya kung'arisha huwekwa kupitia tundu lilelile kabla ya kuzibwa kabisa, na kwamba hiyo ina malipo yake.

"Basi tungoje mahindi yauzwe," akasema.