Kivuli Katikati ya Jangwa

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Historia

Mwalimu wa darasa, kama unayo ramani ya dunia, tafadhali itundike mahali ambapo kila mtu anaweza kuiona. Tafuteni Amerika ya Kaskazini, kisha nchi ya Marekani. Upande wa kusini-magharibi wa nchi hiyo lipo jimbo liitwalo New Mexico, linalopakana na nchi ya Meksiko. Ndani ya jimbo hilo umo mji wa Albuquerque. Huko ndiko tunakokwenda leo.

Mji huo umo katika nchi kame. Uko juu, kiasi cha mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na mvua ya mwaka mzima ni kiasi cha milimita 230 tu. Ninyi wakulima mnajua kwamba kwa mvua hiyo peke yake ni shida kubwa kukomaza mahindi. Mtu akisimama kwenye miinuko iliyo mashariki ya mji, huona mchanga, mawe na vichaka vifupi. Lakini akitazama bondeni, huona mstari mrefu wa kijani unaotoka kaskazini kwenda kusini. Hiyo ni miti iliyo kandokando ya mto Rio Grande. Jina hilo ni la Kihispania, na maana yake ni Mto Mkubwa.

Bondeni humo, upande wa kaskazini, kuna vitongoji vya zamani kama Los Griegos, Los Candelarias na Los Duranes, na pia kijiji cha Los Ranchos. Akaaye huko hukaa chini ya miti mikubwa. Nyuma ya nyumba hupita mfereji wa maji, na jioni watu hutembea juu ya kingo zake. Kuna bustani, kuna farasi, kuna mashamba madogo. Mwendo mfupi tu kutoka hapo, jua linachoma nchi tupu.

Swali letu la leo ni hili: kivuli hicho kimetoka wapi? Je, ni zawadi ya mto tu, au yapo mambo mengine? Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Hebu tutazame jinsi vilivyoundwa.

WAKULIMA WA KWANZA

Muda mrefu kabla ya Wazungu kufika, bonde hilo lilikuwa na wenyewe. Walikuwa watu wa jamii ya Pueblo, waliojenga nyumba za udongo na kulima mahindi, maharagwe na maboga karibu na mto. Wahispania walifika huko mara ya kwanza mwaka wa 1540, na mwaka wa 1598 wakaja kukaa. Waliwalazimisha wenyeji kuwafanyia kazi na kuacha mila zao. Mwaka wa 1680 watu wa Pueblo waliungana, wakawafukuza Wahispania wote. Lakini baada ya miaka 12 Wahispania walianza kurudi, na mwaka wa 1706 wakaanzisha mji wa Albuquerque. Vijiji viwili vya Pueblo, Sandia kwa kaskazini na Isleta kwa kusini, vipo mpaka leo.

MFEREJI NA SHERIA YAKE

Wahispania walikuja na desturi yao ya mifereji. Mfereji huo huitwa acequia. Sikilizeni neno hilo vizuri, kwa maana si la Kihispania kwa asili. Linatokana na neno la Kiarabu, as-saqiya. Waislamu kutoka Afrika ya Kaskazini waliingia Hispania mwaka wa 711, wakatawala sehemu za nchi hiyo kwa karne nyingi, na Wahispania walijifunza mengi kwao juu ya kugawana maji katika nchi kame. Lugha yetu wenyewe imechukua maneno mengi ya Kiarabu. Basi tusishangae kwamba lugha nyingine nazo zimefanya hivyo.

Mfereji ulifanya kazi namna hii. Maji yalitolewa mtoni mahali pa juu, yakaingizwa katika mfereji mkubwa ulioitwa mfereji mama. Kutoka hapo yalishuka yenyewe mpaka kwenye mifereji midogo, na kutoka midogo mpaka mashambani. Mashamba yalikatwa marefu na membamba kama mikanda, ili kila jamaa wapate sehemu yao ya maji.

Mfereji haukuwa mali ya mtu mmoja. Kila mwaka, majira ya kuchipua, wenye mashamba walitoka na majembe kusafisha mfereji. Mwenye shamba kubwa alitoa kazi nyingi, na mwenye dogo alitoa kidogo. Walimchagua msimamizi, aitwaye mayordomo. Huyo ndiye aliyesema leo ni zamu ya nani kufungua maji, na ndiye aliyeamua ugomvi. Maji yalipopungua, wote walipunguziwa.

Sasa angalieni jambo hili. Mfereji wa udongo huvuja. Maji yaliyopenya kingo hayakupotea bure. Yalinywesha mizizi, na miti ikaota kando ya kila mfereji. Kwa hiyo sehemu ya kivuli kile ilitoka katika jembe.

MTO UNAPANDA JUU

Mwaka wa 1846 majeshi ya Marekani yaliiteka nchi hiyo katika vita na Meksiko, na mwaka wa 1848 ikatiwa katika Marekani kwa mkataba. Mwaka wa 1880 reli ilifika Albuquerque. Stesheni ilijengwa kiasi cha kilometa 3 kutoka uwanja wa mji wa zamani, na mji mpya ukakua hapo.

Wakati huohuo wakulima wa juu ya mto, katika jimbo la Colorado, walianza kutumia maji mengi. Mto ulipungua nguvu, ukashindwa kuchukua matope yake yote. Matope yalijaa chini, na sakafu ya mto ikapanda. Mto ukipanda, maji ya chini ya ardhi nayo hupanda. Mashamba yakawa vinamasi, na chumvi ikatokea juu ya udongo. Mafuriko nayo yalirudi mara kwa mara. Wengi waliacha kulima.

Serikali ya jimbo ilitunga sheria mwaka wa 1923, na mwaka wa 1925 shirika la bonde likaundwa ili kuokoa ardhi. Katika miaka ya 1930 kazi kubwa ilifanyika: mabwawa, kuta za udongo kuzuia mafuriko, na mitaro mirefu ya kukausha vinamasi. Kazi hiyo ilifaulu. Ardhi ilikauka, na watu wakaweza kulima na kujenga bila hofu kubwa.

Lakini kila faida ina gharama. Mifereji ya vijiji, karibu 70, iliunganishwa chini ya shirika moja, na amri juu ya maji ikahama kutoka kijijini kwenda ofisini. Tena, wenye mashamba walitakiwa kulipa kodi ya kazi hiyo. Miaka ile ilikuwa ya dhiki kuu, na fedha zilikuwa haba. Wakulima wadogo wengi walishindwa kulipa, wakapoteza mashamba waliyorithi kwa babu zao. Basi mwenye kutembea leo chini ya miti ile na ajue kwamba wako waliolipia kivuli hicho kwa ardhi yao.

MITI ISIYOPATA WATOTO

Gharama ya pili haikuonekana upesi. Mti mkubwa wa bonde hilo huitwa alamo kwa Kihispania. Mbegu zake hutoka mwishoni mwa majira ya kuchipua, zikiruka na nyuzi nyeupe kama sufi. Mbegu hiyo huishi siku chache tu. Ili iote, inataka udongo mtupu, wenye maji, usio na kivuli. Ni nani aliyeandaa udongo wa namna hiyo? Ni mafuriko. Theluji ya milimani iliyeyuka, mto ukafurika, ukaacha matope mapya, na mbegu zikaanguka wakati uleule.

Mwaka wa 1941 mafuriko makubwa yalipita bondeni. Watu walipata hasara, lakini alamo wengi waliota. Baada ya hapo watu waliufunga mto zaidi. Katika miaka ya 1950 na 1960 maelfu ya vyuma vilivyounganishwa kwa waya viliwekwa kando ya mto ili usihame njia yake. Kati ya mwaka wa 1965 na 1975 lilijengwa bwawa kubwa la Cochiti, juu ya mji. Tangu hapo mji umekuwa salama zaidi, na mafuriko yale ya zamani hayakuja tena.

Sasa tazameni matokeo yake. Msitu ulio kando ya mto ni mkubwa na mzuri, lakini miti yake mingi ni wazee. Iliota katika miaka ya 1930 na 1940, na alamo huishi kiasi cha miaka 80 hadi 100. Chini yake hakuna watoto wa kutosha. Mahali pao imeota miti ya kigeni, na matawi makavu yamelundikana. Mwezi wa Juni 2003 moto uliteketeza sehemu za msitu huo ndani ya mji wenyewe.

Mwaka wa 1983 msitu wa mto ulifanywa hifadhi ya jimbo. Watu huenda na fito ndefu za alamo, wakachimba mashimo mpaka karibu na maji ya chini, wakazipanda kwa mikono. Kazi ambayo mto uliifanya bure, sasa watu huifanya kwa jasho.

Na maji yenyewe yamekuwa haba. Mwaka wa 2020 mji ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 560,000. Tangu mwaka wa 2008 watu hao hunywa pia maji yanayoletwa kutoka mito mingine kwa njia ya mahandaki chini ya milima. Mwezi wa Julai 2022, mto ulikauka ndani ya mji, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa miaka kama 40. Mchanga ulibaki mtupu mahali ambapo maji hupita.

TUNAJIFUNZA NINI?

Ndugu wanafunzi, kivuli cha bonde lile kina wazazi wawili: mto uliofurika, na watu waliochimba na kusafisha mfereji. Watu walipoufunga mto, walikuwa na sababu nzuri. Nyumba zao zilikuwa zikibomoka. Hatuwezi kuwalaumu. Lakini miti ilikuwa bado imesimama, wakadhani hakuna kilichopungua. Mti wa miaka 30 hausemi kwamba hana mrithi. Hujulikana baadaye, wakati wa kuupanda mwingine umekwisha kupita. Mpaka leo watu wa vitongoji vile hubishana: maji machache yaliyopo, yaende shambani, bombani, au mtoni?

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini mashamba ya bondeni yalikatwa marefu na membamba?
2. Kazi za miaka ya 1930 ziliwafaa nani? Ziliwaumiza nani?
3. Eleza kwa nini alamo hawaoti tena kama zamani.
4. Hapo mnapokaa, ni mti gani mkubwa unaowapa kivuli? Ulipandwa na nani, na watoto wake wako wapi?

MANENO YA KUANDIKA

Kame, mfereji, ukingo, zamu, kinamasi, mafuriko, bwawa, hifadhi.

Andikeni kila neno mara tatu, kisha tungeni sentensi moja kwa kila neno. Kwaherini.