Mkono wa Kushoto wa Mugwe

Mimi ni mashoto. Kule Rapsu nilikokulia, hilo lilikuwa jambo la kurekebishwa. Nikipeleka tonge mdomoni kwa bita, yaani kushoto, akko wangu alinigonga vidole na kunikumbusha mkono wa chakula ni upi. Hakuwa na ubaya. Ndivyo naye alivyolelewa.

Ubaya ulikuja nikiwa kidato cha pili. Jamaa mmoja alisema mwanaume anayeandika kwa kushoto lazima anapenda wanaume. Darasa zima likacheka, na aliyecheka kwa sauti kubwa zaidi ni rafiki yangu wa dawati moja. Wiki hiyo hiyo nikahamishia kalamu mkono wa kulia. Mwandiko wangu haujapona hadi leo.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshaacha chuo, rafiki huyo alinipigia simu usiku akaniambia anapenda wanaume. Yeye hutumia mkono wa kulia.

Kisha akanitumia sentensi moja aliyoitoa mtandaoni. Inasema hivi, kwa ufupi: mwaka 1973 msomi Mwingereza Rodney Needham alieleza kuhusu kiongozi wa dini wa Wameru aliyevaa kike, ambaye mara nyingi alikuwa mpenzi wa wanaume na wakati mwingine aliolewa na mwanaume. "Ona," rafiki yangu akaandika, "hata hapo jirani tulikuwepo." Na kweli ni jirani. Ukisimama Rapsu, milima ya Nyambene iko pale pale, na miraa inateremka kutoka huko kila siku. Nilitamani sana iwe kweli. Ndiyo maana nikaamua kuifuatilia.

Kiongozi huyo anaitwa Mugwe. Aliyeandika kitabu juu yake ni Bernardo Bernardi, padri Mwitaliano wa Shirika la Consolata aliyeishi Umeruni na kuwahoji wazee. Kitabu kilitoka mwaka 1959, wakati ambapo cheo cha Mugwe kilikuwa tayari kinafifia. Humo kuna habari moja ya ajabu kuhusu Mugwe wa Imenti: mkono wake wa kushoto ulikuwa mtakatifu. Mchana aliufunika kwa blanketi, na kuuona ilikuwa hatari ya kifo. Adui akivamia, ilitosha Mugwe kuuinua mkono huo.

Needham hakufika Meru kufanya utafiti. Alikuwa Oxford, akakisoma kitabu cha Bernardi, na jambo moja likamsumbua. Kwa nini mkono unaodharauliwa karibu kila mahali uwe ndio mtakatifu? Mwaka 1960 aliandika insha kuhusu mkono huo, na mwaka 1973 akaichapisha tena ndani ya kitabu alichokihariri. Jibu lake lilikuwa jedwali. Upande wa kulia: kaskazini, mchana, mwanaume, mashariki, nyeupe, mamlaka ya siasa. Upande wa kushoto: kusini, usiku, mwanamke, magharibi, nyeusi, mamlaka ya dini. Wazee walitawala, Mugwe alibariki, na kila upande ulihitaji mwenzake. Kwa hiyo Mugwe, kama ishara, alikaa upande mmoja na wanawake.

Kama ishara. Hapo ndipo sentensi ya mtandaoni inaporuka mto bila daraja. Jedwali hilo hilo linamweka Mugwe pamoja na usiku, na hakuna anayesema kwamba Mugwe alikuwa giza. Kusema kwamba aliolewa na mwanaume ni madai ya aina nyingine kabisa. Yanahitaji mtu, kijiji, mwaka. Sentensi ile haina hata kimoja, inanakiliwa tu kutoka ukurasa hadi ukurasa.

Usidhani ni Wameru peke yao waliopanga mikono hivi. Kiswahili chenyewe kinafanya hivyo. Mkono wa kulia ni wa kulia chakula, na pia huitwa mkono wa kuume, wa kiume. Wa kushoto, kwa Kiswahili cha zamani, ni mkono wa kike. Yule jamaa wa kidato cha pili hakubuni kitu. Alirithi lugha ambayo tayari ilikuwa imeshaupa mkono jinsia, akaongeza kicheko.

Je, sayansi inasemaje? Mwaka 2000 Martin Lalumière, Ray Blanchard na Kenneth Zucker, watafiti wa Kanada, walijumlisha tafiti 20 zenye wapenzi wa jinsia moja 6,987 na watu 16,423 wanaopenda jinsia nyingine. Uhusiano ulikuwepo. Kwa kipimo chao, uwezekano wa kutokuwa mtu wa mkono wa kulia ulikuwa juu kwa 34% kwa wanaume wapenda wanaume, na kwa 91% kwa wanawake wapenda wanawake. Wanasayansi wengi wanashuku mambo yanayotokea tumboni kabla ya kuzaliwa.

Asilimia hizo zinatisha hadi uzipigie hesabu. Tuseme kati ya wanaume 100 wanaopenda wanawake, 10 ni mashoto. Basi kati ya 100 wanaopenda wanaume, mashoto watakuwa kama 13. Wale 87 waliobaki wanakula, wanaandika na kusalimia kwa kulia, kama rafiki yangu. Ukitumia mkono kumtambua mtu, utakosea karibu kila mara.

Nilimwambia hayo yote. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo hatukuwepo?"

Nikamjibu kwamba sikusema hivyo. Ushahidi dhaifu kuhusu Mugwe hauthibitishi kwamba watu kama yeye hawakuwepo. Unathibitisha tu kwamba sentensi ile haitoshi. Vifungu vinavyomtisha, 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vina mizizi katika sheria za mkoloni, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta. Siku vitakapojadiliwa tena, sitaki mtu asimame na Mugwe wa kuazima halafu aumbuliwe na mzee mmoja kutoka Imenti. Haki ya rafiki yangu kuishi haitegemei Mugwe aliolewa na nani, wala asilimia za Kanada.

Nikamwambia pia kwamba nakumbuka kicheko chake. Akasema anakumbuka vizuri kuliko mimi. Alicheka ili asiangaliwe.

Nimeanza tena kuandika kwa kushoto. Polepole, herufi kubwa kubwa, kama mtoto wa darasa la kwanza.