Kwaru Wako Alitoka Wapi?

Wasee, hii posti nimeikalia kwa muda. Wengi wenu mnanifuata kwa sababu ya baji, wale kasuku wadogo wa Australia, na kila wiki kuna mtu ananiuliza kama niko na "lovebirds" na wanaenda pesa ngapi. Kiswahili chao ni kwaru, nitatumia hilo kwa sababu ni fupi. Jibu langu huwa ni moja: siuzi. Leo nieleze kwa nini, na stori inaanza na makosa yangu mwenyewe, halafu inarudi nyuma hadi 1883. Vumilieni.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa tu. Nikarudi nyumbani Molo na baji wanne niliokuwa nafuga hosteli kwa kujificha. Baada ya mwaka mmoja walikuwa wameshazaana, mathe akanipa ile chumba ya nyuma iliyokuwa ya viazi, na nikaanza kuuza. Si pesa nyingi, lakini bando na unga zilitoka hapo. Basi nikaona kwaru wanalipa kuliko baji. Msee mmoja Naivasha akaniambia anao, bei ya chini sana, chini hadi ningepaswa kushtuka. Sikushtuka. Nilipanda matatu mpaka Nakuru, nikaunganisha Naivasha, nikarudi na wanane kwenye boksi ya katoni yenye mashimo.

Ukweli usemwe, walikuwa warembo. Mwili kijani, kifua cha machungwa, mdomo mwekundu, duara jeupe kwenye jicho. Vichwa vyao vilikuwa na weusi-weusi hivi, kama wamepakwa masizi. Nikawaita "rangi adimu" kwenye video. Jozi moja niliiuza wiki hiyo hiyo kwa dada mmoja wa Njoro, mara tatu ya bei niliyonunulia.

Waliobaki hawakutulia hata siku moja. Nikiingia wanajigonga kwenye waya hadi damu. Mathe akasema, "Hao ndege wako wanalia vibaya, si kama wale wengine." Wawili walikufa wiki ya kwanza. Halafu ikafika Julai, na mnajua Molo Julai, tuko karibu mita 2,500 juu na asubuhi nyingine nyasi ni nyeupe kwa baridi. Nikawawekea jiko la makaa ndani, nikafunga dirisha. Asubuhi nilikuta watatu wako chini ya kizimba. Baji wangu walikuwa chumba ingine, ndiyo maana bado niko na kazi.

Mapafu ya ndege huchuja hewa kwa nguvu kuliko yetu, moshi na gesi ya makaa humfikia kabla wewe uhisi chochote. Baridi ya Molo unaizuia kwa kufunika kizimba pande tatu na gunia au blanketi, kukiinua kutoka sakafuni, na kukitoa kwenye njia ya upepo. Jiko, hapana. Hata sufuria zisizoshika chakula, ukiziacha zichomeke tupu, zinatoa mvuke unaoua ndege ndani ya nyumba. Na avokado usimpe kamwe. Najua hapa kwetu avokado tunapea kila mtu, lakini kwa kasuku wa aina yoyote ni sumu.

Nilibaki na mmoja. Huyo mmoja ndiye alinifanya nianze kusoma.

Vile vichwa vya masizi si rangi adimu. Ni dalili ya machotara. Kuna kwaru wa Fischer, ambaye kichwa chake ni cha rangi ya machungwa, na kuna kwaru mwingine mwenye kichwa cheusi na kola ya njano shingoni. Wote kwao ni Tanzania. Wa Fischer anakaa upande wa Serengeti na kusini mwa Ziwa Victoria, wa kola ya njano anakaa mashariki yake. Huko porini wamekuwa majirani miaka yote na kila mtu anaoa kwao. Ukiona wamechanganyika, ujue kuna mahali binadamu aliwaweka pamoja. Na mahali pamoja maarufu ambapo machotara hao wanaruka ovyo, maelfu yao, ni kuzunguka Ziwa Naivasha.

Kwa hivyo ndege wangu hawakuzaliwa kizimbani kwa mtu. Walitolewa kwenye mti.

Sasa hapo ndipo jina Fischer linachekesha. Gustav Fischer alikuwa daktari Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar. Mwaka wa 1882 aliondoka Pangani na msafara akielekea bara, na 1883 akafika Naivasha. Wamaasai wakamsimamisha. Akageuka. Kama umewahi kwenda trip ya Hell's Gate, ile nguzo ya mawe karibu na lango inaitwa Fischer's Tower, ni yeye huyo. (Wamaasai wana stori yao ya ile nguzo, ya msichana aliyeambiwa asigeuke nyuma akageuka. Ni stori tamu kuliko ya daktari.) Mwaka wa 1885 alitoka tena na msafara mwingine kuelekea Ziwa Victoria, kumtafuta mpelelezi aliyeitwa Junker. Hakumpata. Alirudi Ujerumani, akafa 1886. Mwaka uliofuata Anton Reichenow, mtaalamu wa ndege wa makumbusho ya Berlin, akatangaza ndege mpya kwa wanasayansi na kumpa jina la marehemu. Yule wa kola ya njano pia alipewa jina lake la kisayansi na Reichenow, mwaka huo huo wa 1887.

Kumbuka: siku Fischer anageuzwa Naivasha, ndege mwenye jina lake hakuwa Naivasha. Alikuja baadaye, na hakuja kwa mabawa yake.

Kuanzia miaka ya 1920 kwaru walianza kusafirishwa Ulaya na Marekani kwa wafugaji. Ilianza kidogo kidogo, halafu ikawa biashara kubwa. Kufikia 1987 kwaru wa Fischer ndiye aliyekuwa akiuzwa zaidi duniani kati ya kasuku wote waliokamatwa porini. Si kasuku wa kijivu mwenye kuongea, ni huyu mdogo wa kutoshea kwenye kiganja. Mtegaji hahitaji ujanja mwingi, kwa sababu kwaru huenda kwa makundi: kula pamoja, kunywa maji pamoja. Ukimpata mmoja umepata ukoo. Wengine walifia kwenye nyavu, wengine kwenye maboksi, kama boksi yangu tu.

Tanzania ilikuja kusimamisha kuwauza nje mwanzoni mwa miaka ya 1990. Marekani ikapitisha sheria yake ya ndege wa porini 1992, na Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kabisa 2007. Lakini hesabu ilikuwa imeshaharibika, na mpaka leo kwaru wa Fischer amewekwa kwenye kundi la ndege wanaokaribia hatari.

Na katika ile safari ya vizimba, wengine walitoroka na wengine wakaachiliwa. Naivasha walipata mashimo kwenye migunga mikavu, walipata mbegu mashambani, wakakaa. Wakaoana bila kuulizana kabila. Leo mtoto wa Karagita anawaona kama ndege wa kwao, na sitambishia, amezaliwa akawakuta. Sisi watu wa Molo tunajua stori za kuhamishwa na kuulizwa kwenu ni wapi, sitaingia hapo leo. Shida ni kwamba yale mashimo hayakuwa tupu. Kuna ndege wengine wa pale wanaotaga humo humo, na mti mkavu hauongezi vyumba.

Kuna watu wanasema, sasa si hao wa Naivasha ni wageni, kukamata kuna ubaya gani? Nilijiambia hivyo pia, usiku mmoja, nikiwa na lile boksi tupu mkononi. Kwanza kutega ndege porini bila kibali cha KWS ni kosa kwa sheria ya wanyamapori ya 2013. Pili, anayejifunza kutega Naivasha anajua kutega popote. Na tatu, wanane kwa mmoja. Biashara gani hiyo?

Linganisha na baji. John Gould aliwapeleka Uingereza kutoka Australia wakiwa hai 1840, na tangu hapo wamezaliwa kizimbani kizazi baada ya kizazi. Baji wangu wa Molo hajui Australia. Ukimpa sanduku la mbao lenye tundu, bila hata nyasi ndani, anataga mayai manne hadi sita, moja kila baada ya siku moja, na kila yai linaanguliwa kwa takriban siku 18. Subiri tu wafike mwaka hivi, dume pua ya buluu, jike ya kahawia, na usiwaache watage zaidi ya mara mbili kwa mwaka, jike ataisha. Mtama, wimbi, sukuma, karoti, maganda ya mayai yaliyochemshwa ukasaga. Hakuna siri.

Kwaru naye anaweza kufugwa vizuri, sikatai, kama alizaliwa kizimbani kweli. Muulize muuzaji akuonyeshe wazazi. Angalia mguu: pete isiyo na kiungo inavalishwa kifaranga akiwa na siku chache tu, ndege mkubwa haingii. Akikosa yote mawili na bei iko chini, unajua unanunua nini. Kasuku wa kijivu ndiyo kabisa, usimguse bila kwenda KWS kwanza. Wa kwetu walikuwa msitu wa Kakamega, na tangu mkutano wa CITES wa 2016 huko Johannesburg amewekwa kwenye orodha ya ulinzi mkali zaidi.

Yule dada wa Njoro nilimpigia, nikamweleza, nikamrudishia pesa yake yote kwa awamu tatu. Jike lake lilikuwa limekufa. Dume akanipa.

Kwa hivyo niko na wawili. Nilifikiria kuwarudisha Naivasha niwaachilie, daktari wa mifugo akanikataza: wamekaa karibu na baji, wanaweza kubeba ugonjwa wawapelekee wengine. Nimewajengea kizimba cha urefu wa ukuta mzima, na siku hizi wanachuna maganda ya matawi na kuyabeba kwa mdomo kwenda shimoni. Wakiangua, vifaranga hawauzwi. Baji wapo, bei ni ile ile.