Hadithi Inayoitikiwa: Maigizo ya Biblia kwa Watoto wa Chekechea, Mbulu na Hanang

Wako wazee wa usharika wanaonung'unika wakiwaona watoto wa chekechea wamegeuka kondoo, mawimbi na wavuvi ndani ya kanisa. Husema Neno la Mungu limefanywa mchezo. Hoja yao ina uzito, kwa maana Neno ni takatifu. Lakini historia inatuonyesha kwamba tangu kale mtoto amefundishwa imani kwa kushiriki.

Katika Kutoka sura ya 12, Pasaka inaagizwa itendwe kwa mwili: viatu miguuni, fimbo mkononi, mikate isiyotiwa chachu. Humo humo Mungu anatazamia mtoto aulize maana yake, na mzazi amjibu. Mwaka 1223, huko Greccio nchini Italia, Francis wa Assisi aliandaa hori lenye nyasi, ng'ombe na punda, ili watu wauone kwa macho umaskini wa Bethlehemu. Martin Luther naye aliijenga Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 kwa maswali na majibu, akamkabidhi baba wa nyumba kazi ya kuifundisha. Wimbo wake wa Noeli uliochapishwa 1535 unaanza na malaika akitangaza habari, kisha wasikiaji wanaitikia na kwenda horini.

Kwetu Mbulu, kuitikia si jambo geni. Wairaqw wana slufay, sala ya baraka ambayo mzee huiongoza na waliokusanyika huipokea kwa kuitikia. Wamisionari Walutheri kutoka Norway, waliofungua hospitali ya Haydom mwaka 1955, walifika kwa watu waliokwisha kujua kwamba sala ni ya wote. Kanisa letu la KKKT, lililoundwa 1963, limerithi pande zote mbili.

Igizo shirikishi linasimama juu ya urithi huo. Halina jukwaa, watazamaji wala maneno ya kukariri. Mwalimu, Biblia ikiwa wazi mkononi, husimulia kipande, hunyamaza, kisha huuliza: kondoo mmoja hayupo, tumtafute wapi? Mtoto aliyelelewa kwa Kiiraqw au Kidatooga, ambaye Kiswahili bado hakijamkaa vizuri, huinuka na kutafuta. Mwili wake umejibu kabla ya ulimi.

Uzito wa jambo hili unaonekana zaidi Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa. Je, mtoto wa huko afundishweje habari ya dhoruba katika Marko 4? Akiambiwa tu kwamba Yesu alituliza bahari, anaweza kujiuliza kimoyomoyo kwa nini mlima haukutulizwa. Katika igizo yeye yumo chomboni pamoja na wanafunzi, naye anaruhusiwa kumwamsha Bwana na kumwuliza kama hajali. Swali hilo limo katika Injili yenyewe.

Basi mwalimu asimlazimishe mtoto kuigiza hofu, wala asiharakishe jibu. Anayetaka kukaa kando na akae. Lakini anayeinuka na kulia, "Bwana, amka!" asikemewe kwamba anacheza kanisani. Huyo anasali.